Bull Hakusema Amechoka: Stori ya Mbwa Wazee, Kutoka Simbamwenni Mpaka Moro ya Leo

Wadau wa Moro, leo nina swali dogo tu: mara ya mwisho umemuona mbwa mzee lini?

Simaanishi mbwa koko anayezunguka sokoni jioni akitafuta mifupa. Wala simaanishi yule anayebweka nyuma ya geti lililoandikwa "Mbwa Mkali". Namaanisha mbwa mzee kweli kweli. Mdomo umeota mvi, macho yameingia ukungu, akitaka kuinuka anaanza na miguu ya mbele, anapumzika kidogo, ndiyo ya nyuma inafuata.

Kiukweli ni wachache. Mji kasoro bahari una kila kitu, milima, maji, vyuo, ndizi za kumwaga, lakini mbwa wazee ni wa kuhesabu. Hilo halijatokea tu hivi hivi. Lina historia, na kipande cha hiyo historia kinapita hapa hapa kwetu, chini ya Uluguru. Ndani yake kuna mbwa aliyetoka London akaja kufia kwenye njia ya msafara, kuna panya aliyestaafu kwa heshima zote, na kuna mbwa kibao ambao hakuna aliyewahi kuandika majina yao. Twende taratibu.

Wale wasio na jina

Ukitoka mjini ukapanda kuelekea Morningside, au ukazunguka upande wa Matombo na Mgeta, unakuta mashamba yameng'ang'ania mteremko kama yamegundishwa. Juu yake kuna msitu, na juu ya msitu kuna vilele. Bondwa na Lupanga vinapita mita 2,000, na Kimhandu kule kusini inapita mita 2,600. Pale shamba linapogusana na msitu ndipo vita ya mkulima ilipo. Mchana wanakuja nyani na ngedere, usiku wanakuja nguruwe pori. Mahindi ya msimu mzima yanaweza kuisha kabla hujayavuna.

Sasa nani analinda? Watoto, akina mama, wazee, na mbwa. Mbwa wa milimani hajawahi kuwa pambo. Ni mfanyakazi. Analala nje, anakula kilichobaki, na usiku akisikia kitu kwenye mahindi yeye ndiye wa kwanza kukimbia gizani. Ugali anaokula ameulipia.

Lugha yetu yenyewe inakumbuka kazi hiyo. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana mbwa alikuwa anapimwa kwa kazi ya bwana wake. Lakini lugha hiyo hiyo imemtupia matusi ya kutosha. Mtu akikosa heshima anaitwa mbwa. Mtu akiteseka tunasema anaishi maisha ya mbwa. Yaani sisi wenyewe tumekiri kwa mdomo wetu kwamba maisha ya mbwa wa huku hayakuwa mazuri.

Na kuna suala la dini, tusilikwepe, kwa sababu Moro ni mji wa misikiti na makanisa. Waislamu wengi hawamfugi mbwa ndani kwa sababu mate yake ni najisi, na hilo ni la kuheshimiwa. Ila Qur'an hiyo hiyo, kwenye Sura ya Al-Kahf, ina kisa cha vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mlangoni alikuwepo mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele. Jina lake halikutajwa, lakini yupo kwenye kisa. Kwa hiyo kumuweka mbwa nje ni jambo moja, na kumtesa ni jambo jingine kabisa.

Tatizo la mbwa wa kazi ni hili: anathaminiwa kazi ikiwepo. Kazi ikiisha, hakuna aliyekaa chini akapanga nini kifuate. Na hapo ndipo wale wawili walioandikwa vitabuni wanapoingia.

Omar, 1871

Kabla reli haijafika hapa mwaka 1907, na kabla jina la Morogoro halijawa kubwa, mji uliokuwa maarufu hapa ulikuwa Simbamwenni. Ulijengwa na Kisabengo, kiongozi wa Kizigua, ukawa na ukuta wa kujihami na ulikaa kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Kisabengo alipofariki, aliyeshika utawala alikuwa binti yake. Ndiyo, Moro ilitawaliwa na mwanamke wakati huo, na hiyo nayo ni stori ya siku nyingine.

Mwaka 1871, wakati wa masika, akapita pale mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Alikuwa na punda, mizigo, wapagazi wengi, na mbwa wa ulinzi aliyeitwa Omar. Kazi ya Omar ilikuwa kukaa karibu na hema na kubweka akija mtu asiyemjua.

Masika ya Moro mnayajua. Baada ya Simbamwenni msafara uliingia bonde la Mkata, ule ukanda ambao leo ukipanda basi la kwenda Mikumi unaupita umekaa kwenye kiti unachati. Wao walikuta maji na tope. Watu waliugua, punda wakafa, mizigo ikaloa. Omar naye akaugua tumbo, akafa msafara ukiwa umekaribia kuingia Ugogo. Stanley aliandika kwa masikitiko, na sababu aliyoitoa ni kwamba Omar alikufa pale pale ambapo ulinzi wake ulikuwa unahitajika zaidi. Umeona hesabu ilivyokaa? Hata kwenye msiba, mbwa anapimwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Bull, 1876

Stanley akarudi mwaka 1874 na safari kubwa zaidi. Safari hii alikuja na mbwa watano kutoka Uingereza. Wawili walikuwa zawadi za marafiki matajiri. Watatu waliobaki, Nero, Jack na Bull, aliwachukua Battersea, London, kwenye nyumba ya kutunzia mbwa waliopotea au kutelekezwa. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1860 na ipo mpaka leo. Yaani Bull, kwa lugha yetu, alikuwa mbwa wa mtaani. Alikuwa buldogi, wale wenye uso uliokunjamana na kifua kipana.

Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo. Mmoja wa wale mbwa wa kifahari alikufa kwa joto siku za mwanzo tu. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Bull akaendelea kutembea. Alifika Nyanza, ziwa tunaloliita Victoria, akazunguka na msafara huko magharibi mwa ziwa, akashuka nao mpaka Karagwe. Kwa hesabu ya Stanley alishatembea maili 1,500 hivi, ambazo ni kama kilomita 2,400. Kwa miguu ya mbwa. Na alikuwa ameshazeeka.

Mwaka 1876, wakiwa wametoka Karagwe wanashuka kuelekea Unyamwezi, Bull alifika mwisho. Stanley ameeleza jinsi ilivyokuwa. Bull alizoea kutembea nyuma ya vijana waliobeba bunduki. Siku hiyo wale vijana walikuwa wanazidi kusogea mbele na yeye anabaki. Akawa anayumba, anaguna, anajikaza, anafuata tena. Mwisho akalala njiani. Alikufa macho yakiwa yanatazama mbele, kule walikoelekea wenzake.

Nikisoma sehemu hiyo huwa nasimama kidogo. Sio kwa sababu ya Stanley. Stanley hakuwa malaika. Kwa maandishi yake mwenyewe alikuwa anachapa wapagazi viboko, na wapagazi wengi waliokufa kwenye misafara ya zama zile hawakuandikiwa hata mstari mmoja. Ni haki kabisa kukasirika kwamba buldogi wa London ana ukurasa wake na baba wa mtu kutoka Unyamwezi au Uzaramo hana hata jina. Mpagazi aliyechoka na mbwa aliyechoka walikuwa kwenye njia moja, na ile njia haikumsubiri yeyote.

Lakini angalia alichofanya Bull. Hakugoma. Hakurudi nyuma. Mbwa hana namna ya kusema "bosi, leo siwezi". Akiona mtu wake anakwenda, anakwenda. Kwa hiyo uamuzi wa kufupisha safari hauwezi kutoka kwake, lazima utoke kwa mwenye safari. Siku ile, kwa jinsi ilivyoandikwa, hakuna aliyefupisha.

Kwa nini wa kwetu hawazeeki?

Sasa turudi nyumbani. Mbwa akitunzwa anaweza kufika miaka 10, 12, hata zaidi. Wakubwa wa umbo huanza kuonyesha uzee wakiwa na miaka saba au nane, wadogo huchelewa kidogo. Huku kwetu wengi hawafiki hapo. Wanakufa wakiwa watoto, kwa minyoo, kupe, njaa, kugongwa na bodaboda. Na kuna adui mmoja aliyeharibu uhusiano wa binadamu na mbwa kuliko wote: kichaa cha mbwa.

Huu ugonjwa dalili zikishaanza, kupona ni karibu haiwezekani, kwa mbwa na kwa mtu pia. Karibu binadamu wote wanaoupata duniani, 99 kati ya 100, wameambukizwa na mbwa. Ndiyo maana mtaani mbwa akionekana anatoa udende, watu hawaulizi mara mbili, wanaokota mawe. Ndiyo maana pia mbwa wazururaji wamekuwa wakipigwa risasi au kuwekewa sumu. Hofu ile haikutoka hewani. Kuna familia zimezika watoto.

Dawa ya hofu hiyo imekuwepo muda mrefu. Louis Pasteur, Mfaransa, alimchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885, na yule mtoto akapona. Leo inajulikana kwamba mbwa 7 kati ya 10 wa eneo fulani wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Na ukitaka madaktari wa mifugo, Moro ndiyo kwao. Fani hiyo ilianza kufundishwa hapa miaka ya 1970, kampasi ikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kampasi ikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo huo, huko Dakawa, mkoani kwetu.

Kwa hiyo mbwa mzee unayemuona mtaani Moro ana historia nyuma yake. Kuna mtu alimpeleka chanjo kila mwaka. Kuna mtu alimtoa kupe na kumpa dawa ya minyoo. Kuna mtu alikataa kumtupa barabarani. Ile mvi ya mdomoni ni kama cheti.

(Na usisahau: ukiumwa na mbwa yeyote, hata wa jirani, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona mbwa anakuwaje.)

Panya aliyestaafu

Hapa ndipo Moro inaponishangaza. Huu huu mji ambao mbwa mzee hana mpango wake, umeionyesha dunia jinsi ya kumstaafisha mnyama.

Pale SUA kuna shirika la APOPO. Lilianzishwa na Mbelgiji, Bart Weetjens, mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamia Morogoro. Wanafundisha panya buku kunusa. Wengine wananusa mabomu ya ardhini, wengine wananusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya buku ni mwepesi, anatembea juu ya bomu bila kulilipua.

Mmoja aliitwa Magawa. Alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akafundishwa hapa Moro, mwaka 2016 akapelekwa Kambodia. Kwa miaka mitano alinusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Septemba 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama. Alikuwa panya wa kwanza kuipata. Kabla yake ilikuwa inakwenda kwa mbwa.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Juni 2021 watu waliokuwa wanafanya naye kazi waliona anaanza kupunguza kasi. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mzee tu. Wakamstaafisha. Aliendelea kupewa ndizi na karanga zake, akaendelea kucheza na kulala. Januari 2022 akafa, akiwa na miaka minane.

Linganisha na Bull. Wote wawili walikuwa wanyama wa kazi, wote walikuwa mbali na walikozaliwa, wote wasingeweza kusema wamechoka. Tofauti ni kwamba Magawa alikuwa na mtu aliyemtazama akasema inatosha.

Mzee anatembeaje Moro?

Siku hizi ukitembea Kilakala, Boma, Bigwa au Mazimbu asubuhi mapema, utakutana na mmoja mmoja. Mama mstaafu na kamba mkononi, kijana na mbwa aliyerithi kwa marehemu baba yake, mlinzi wa nyumba anayetoka na mbwa wa bosi kabla jua halijawa kali. Hakuna anayewapiga picha. Wengine wanachekwa, "huyo mzee wako si umuache tu afe?"

Mimi nawaona ndio watu wanaofanya kile ambacho hakikufanyika mwaka 1876. Wanafupisha safari. Ukiwaangalia vizuri utajifunza mambo yao bila kuuliza.

Wanatoka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu lami ya mchana inaunguza nyayo, na mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipooza kwa kuhema. Wanachagua tambarare. Mlima wa Morningside alioupanda akiwa na miaka mitatu siyo wake tena akiwa na 11, hata kama yeye mwenyewe anavuta kamba kuelekea huko. Kama siku ni ya mlimani, wanaishia chini, upande wa Rock Garden, maji yanapopita kwenye mawe, anakunywa, anakaa, anasikiliza. Na kipimo chao siyo kilomita. Wanageuka wakati bado ana nguvu za kurudi, kwa sababu mbwa akishalala njiani umeshachelewa.

Nyumbani ugali unalainishwa kwa mchuzi wa dagaa, maana meno yameisha. Anawekewa gunia au kipande cha godoro, kwa sababu sakafu ya saruji inakamata viungo usiku, hasa mvua za Moro zikianza. Akiwa haoni vizuri, wanamuita kabla ya kumgusa. Mbwa asiyesikia akishtuliwa anaweza kung'ata hata mtoto anayempenda. Na akianza kulia usiku au kushindwa kusimama, wanampeleka kwa daktari wa mifugo. Hawasemi tu "uzee huo".

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji utajiri. Dagaa zipo, gunia lipo, asubuhi ipo. Kinachohitajika ni mtu kukubali kwamba mfanyakazi wake amezeeka.

Kwa wanaosema haya ni mambo ya kizungu: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ni ya mwaka 2008, imetungwa na Bunge letu, na inakataza ukatili kwa wanyama. Kumfunga mbwa mnyororo mfupi miaka kumi, halafu kumpakia kwenye gari na kumtupa Msamvu akiwa haoni, hiyo siyo mila ya Mluguru wala ya mtu yeyote. Huo ni uvivu tu. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake mwenye tumaini hujikaza mpaka mwisho. Bull alijikaza, ufuko ukawa unazidi kusogea mbele.

Kwa hiyo kama una mlinzi nyuma ya nyumba aliyewabwekea wezi tangu ukiwa darasa la tano, leo jioni kamtazame vizuri anavyoinuka. Yeye hatakuambia kitu. Atakufuata tu mpaka pale utakapoamua kusimama.

Haya, zamu yenu. Nani ana mbwa mwenye miaka zaidi ya kumi hapa Moro? Tupia jina lake na mtaa wake hapo chini. Omar na Bull wameshaandikwa, nataka tuandike wa kwetu.